Mshale Uliosimama Juu ya Nusu

Nyumbani, 12 Januari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini, wewe na matingatinga yako. Sisi hatujambo, isipokuwa Baba, ambaye yuko vile vile tangu kiharusi: mkono na mguu wa kulia vimelala, na kauli haijarudi. Shangazi bado anakaa nasi. Anakusalimu, na anasema ukipata likizo uje na katoni ya sabuni, maana mimi namaliza sabuni ya nyumba nzima kwa kunawa grisi. Shule nilimaliza Novemba. Matokeo bado. Nakaa tu.

Grisi yenyewe ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Unalikumbuka gari la Baba, lile kuukuu lenye usukani mwembamba, ulilojifunzia ufundi kwake. Halijatoka bandani tangu mwaka ule wa Mama, miaka kumi na moja sasa. Baada ya kiharusi, Baba alianza kulionyesha kwa mkono wa kushoto. Tukimwingiza na kumkalisha kwenye kiti cha dereva, anatulia. Asipoingia, anahangaika mpaka jasho linamtoka. Akishakaa, anagonga kioo cha geji ya mafuta kwa ukucha. Tik, tik. Kisha ananitazama.

Shangazi anasema ikifika Juni bila gari hilo kuonyesha uhai, atawaita watu walivute wakaliuze chakavu, kwa kuwa banda limekuwa hoteli ya panya. Nadhani Baba anataka geji zipone. Sioni kingine ninachoweza kumfanyia. Niliazima betri kwa yule jirani tunayemwita Mzee Chaji, nikawasha ufunguo kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Injini siigusi. Geji ya joto imekufa kabisa. Geji ya mafuta inapanda juu kidogo ya nusu na kusimama hapo. Nianzie wapi?

Samahani kwa kukusumbua.

Mpwa wako, yule uliyempa jina Kimya.


Kambini, 2 Februari

Mpwa wangu Kimya,

Marahaba sana. Barua yako imekuja na lori la mahitaji, imekaliwa na gunia la vitunguu, lakini imesomeka. Mwambie Shangazi sabuni ataipata, ila asikutishe: mkono wenye grisi haujawahi kulala njaa. Mimi mzima. Tunachonga barabara mlimani, vumbi linaingia hadi kwenye chai.

Nimecheka na nimefurahi. Baba yako ndiye aliyeniita Haraka, kwa kuwa kila kazi nilitaka iishe kabla haijaanza. Basi nikufundishe polepole, kama alivyonifundisha yeye.

Geji za gari lile zote mbili zinalishwa na kiboksi kimoja kidogo cha bati nyuma ya dashibodi. Kinapunguza umeme wa betri kabla haujafika kwenye geji. Kanuni ya baba yako ni hii: zikikosea mbili kwa namna moja, tafuta kinachozilisha zote. Ikikosea moja, fuata waya wake hadi mwisho.

Anza na ya joto. Kwenye injini kuna kipimajoto chenye waya mmoja. Uchomoe huo waya, mwenzako awashe ufunguo, wewe ugusishe ncha yake kwenye chuma cha injini kwa muda mfupi tu. Mshale ukipanda, geji na waya ni vizima, mgonjwa ni kipimajoto. Usipopanda, waya umekatika njiani. Na usitegemee mshale uruke. Geji za zamani hupanda na kushuka kwa uvivu, kama mzee anayeinuka kitini.

Ya mafuta achana nayo. Imezeeka, itakuwa imekwama. Msalimie baba yako. Mwambie Haraka bado yu hai.

Mjomba wako.


Nyumbani, 15 Februari

Mjomba, shikamoo.

Shangazi ameumwa jino wiki nzima, kwa hiyo nyumba imekuwa na amani kidogo. Usimwambie.

Geji ya joto imepona! Nilichomoa waya kama ulivyosema. Shangazi ndiye aliyewasha ufunguo, huku ameshika shavu, akisema, "Wenzako wanaomba vyuo, wewe unamposa gari." Mshale haukupanda. Nikafuata waya kwa vidole, nikakuta panya ameula pale unapopita kwenye tundu la bati. Nilimenya ncha mbili, nikazisokota, nikafunga tepu. Tulipojaribu tena, mshale ukapanda polepole kama ulivyosema. Baba aliutazama. Hakufanya kitu, ila hakuangalia pembeni.

Halafu akagonga ile nyingine. Tik, tik.

Mjomba, haijakwama. Ukizima ufunguo inashuka hadi chini. Ukiwasha inapanda pale pale, juu kidogo ya nusu. Kitu kilichokwama hakishuki. Tena nimeligonga tangi, linalia kama debe. Hamna hata tone. Geji inasema yamo, tangi linasema hayamo. Nifanye nini?

Nyuma ya usukani nimekuta pia zile kadi za karakana za Baba, vipande vya boksi vyenye kitanzi cha waya. Nilizisahau. Kila alichotengeneza mtu kilikuwa na kadi: ugonjwa gani, umeponaje, nani aliyeshika. Baba alikuwa akisema fundi anaweza kudanganya kwa mdomo, kwa kadi hawezi.

Mpwa wako.


Kambini, 5 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hongera kwa geji ya joto. Pole kwa jino la Shangazi.

Hiyo ya mafuta ni kile kiboksi. Kinazeeka na kutoa umeme mwingi, geji inapanda bila sababu. Kipuri chake hakipatikani tena popote, kwa hiyo usijisumbue. Wala usiende nyuma ya gari. Usifungue buti, usiguse waya wa tangi. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ni hatari kuliko mafuta. Cheche moja tu. Nakusihi kama mtoto wangu.

Kazi ni nyingi, naishia hapa.

Mjomba.


Nyumbani, 20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Matokeo yametoka. Sikufanya vizuri. Shangazi hakunifokea, ndipo nikajua ni mabaya kweli.

Nimefikiri sana kuhusu kiboksi. Samahani, sipendi kubishana na mkubwa. Lakini wewe ndiye uliyeniandikia kwamba zikikosea mbili ni kinacholisha, ikikosea moja fuata waya wake. Sasa ya joto inasema kweli: injini baridi, mshale uko chini. Zote mbili zinakula sahani moja. Kiboksi kingekuwa kibovu, na hii ingepotoka. Kwa hiyo hitilafu iko kwenye waya wa tangi, na waya wa tangi unaishia kwenye buti.

Nakuomba uniambie ukweli kama kuna hatari nyingine, kwa sababu geji hii kwangu si geji tu. Nilikuwa na miaka sita siku ile. Nakumbuka Mama akishika tumbo na Baba akimbeba hadi garini saa tisa alasiri. Nakumbuka gari likizima kwenye mteremko wa mawe, Baba akishuka, akigonga tangi kwa ngumi. Tulikaa saa mbili ndipo likapita lori. Daktari alisema tungewahi kwa saa moja tu, angepona. Na nakumbuka Bibi, mama yenu, msibani, mbele ya watu wote: "Fundi mzima, asiyejua tangi lake! Mwanangu umemuua kwa uzembe." Baba hakujibu. Bibi hajakanyaga kwetu tangu siku hiyo.

Mjomba, nami niliamini hivyo. Sijawahi kumwambia mtu. Miaka yote hii nimempa Baba chakula bila kumtazama usoni. Akiniita naitika "abee" na kutazama sakafu. Watu husema ni aibu yangu tu, ndivyo nilivyoumbwa. Si aibu.

Kama geji ilikuwa ikisema yamo wakati hayamo hata siku ile, basi Baba hakusahau. Unaelewa kwa nini siwezi kuiacha?

Nakusubiri.

Mpwa wako.


Nyumbani, 18 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Malori ya mahitaji yameshuka mawili bila barua yako. Niliuliza kituoni. Wakasema kambini watu wote ni wazima.

Nimefungua buti. Niliacha milango ya banda wazi siku nzima kwanza ili mvuke utoke, na betri niliitoa nje. Nikanyanyua ule ubao wa chini. Waya wa tangi haujafungwa kwenye tangi. Umekatwa, ukaunganishwa na koili ndogo, waya mwembamba uliosokotwa kama wa pasi ya umeme, na upande wa pili wa koili umefungiwa kwenye bodi ya gari kwa skrubu. Geji haijawahi kuuliza tangi chochote. Inauliza koili, na koili ina jibu moja: juu ya nusu.

Ni kazi safi. Imezungushiwa tepu ya bluu.

Kulikuwa na kitu kingine pamoja nayo. Sitakiandika hapa.

Nakuuliza swali moja. Fundi gani aliweka koili ile? Nataka nisikie kutoka kwako.

Baba hali vizuri wiki hii.

Mpwa wako.


Kambini, 9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeanza barua hii mara tano. Karatasi nne nimewashia jiko.

Ni mimi.

Boya la tangi, lile linaloelea juu ya mafuta na kuiambia geji kiasi, lilitoboka likazama, mshale ukawa unalala chini hata tangi likijaa. Baba yako aliniambia nishushe tangi, nilitoe boya, nilizibe kwa risasi ya kuchomelea. Kazi ya siku nzima, umelala chali chini ya gari. Nami Jumamosi ile nilikuwa na mechi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona mchezaji. Nikasokota koili kutoka pasi mbovu, nikaipima mpaka mshale ukasimama pazuri. Nusu saa tu. Nilijiambia Jumatatu nitalifungua tangi kweli, na sitasema. Kisha nikaandika kadi.

Hapo ndipo penyewe, mpwa wangu. Baba yako geji hakuiamini. Kwa miezi miwili ya ubovu alikuwa akitumbukiza kijiti kwenye tangi kila asubuhi, na angeendelea hivyo hivyo. Ila mimi nilimwandikia kadi, nikaitundika kwenye usukani, na kadi aliiamini. Akaweka kijiti chini. Jumapili dada yangu akashikwa na tumbo.

Msibani Mama aliposema yale maneno, nilikuwa nimesimama nyuma ya baba yako. Nilimwona shingo tu. Nilingoja aseme, "Kijana alinipa kadi." Hakusema. Nikadhani hajajua, na kwamba akijua ataniua. Baada ya arobaini nikaomba kazi ya mbali, na tangu hapo ninaomba kazi za mbali tu. Niliogopa kurudi kuiondoa koili. Nilitaka gari lioze nayo.

Ulipoandika kwamba anagonga kile kioo, sikulala. Nikakudanganya kuhusu kiboksi. Mvuke ni hatari kweli, lakini sicho nilichokuwa nikikiogopa.

Kadi ile sijui iliishia wapi.

Msomee baba yako barua hii. Msomee yote, usiruke. Nimeomba ruhusa, nitashuka na lori la mwisho la Juni. Nitapiga magoti mbele yake, na yeye akitaka nitakwenda kwa Mama na kusema mbele ya wale wale waliokuwepo. Mwambie anisubiri.

Haraka.


Nyumbani, 11 Juni

Mjomba,

Barua yako ilifika tarehe tano. Baba tulimzika tarehe mosi. Siku nne. Shangazi anasema barabara ilikatwa na mvua, lori likalala njiani. Nilifikiria magari yanayolala njiani.

Kwa hiyo sikuwa na wa kumsomea.

Sasa nitakueleza kile nilichokuta pamoja na koili. Ni kadi yako. Ilikuwa imefungwa kwenye skrubu ile ile kwa kitanzi chake, chini ya ubao. Mbele ni mwandiko wako: *Boya limezibwa. Geji inasema kweli. Haraka.* Kwa hiyo nilijua tangu Aprili. Nilitaka tu uniambie wewe, na umeniambia, na nakushukuru kwa hilo.

Nyuma ya kadi ni mwandiko wa Baba, kwa kalamu ya karakana, herufi zile za kulala. *Nimeona. Asiambiwe mtu. Bibi ana mtoto mmoja tu sasa.* Tarehe ni siku ya sita baada ya Mama.

Alijua, Mjomba. Alifungua buti, akaona kazi yako, akarudisha ubao. Kisha akakaa miaka kumi na moja akiitwa mzembe kwenye kila harusi na kila msiba wa upande wenu, mpaka akaacha kwenda. Nami nikamtilia chakula nikitazama sakafu.

Siku niliyoikuta kadi nilimpelekea pale kwenye kiti cha dereva. Aliipokea kwa mkono wa kushoto. Aliisoma upande wako, akaigeuza, akasoma upande wake. Halafu akaitia kwenye mfuko wa shati, na akaniwekea kidole mdomoni. Mdomoni kwangu, si kwake. Mimi nilidhani anagonga kioo ili nimtengenezee. Labda alikuwa akihakikisha kwamba mshale bado umesimama pale ulipouacha. Labda alikuwa akitaka kitu kingine kabisa. Sijui. Wa kumuuliza alikuwa mmoja, na hata yeye hakuwa na kauli.

Nilikuwa na wiki sita. Nilimlisha nikimtazama. Nilimwambia, "Baba, nilikuwa nimekuhukumu, nisamehe," nikasema kwa sauti, mimi ambaye hata darasani sikunyoosha mkono. Alikuwa akitafuna. Aliendelea kutafuna. Sijui kama alisikia. Mei ilipokaribia kwisha, akawa hafungui macho.

Bibi hakuja mazikoni. Alituma mtu aseme kwamba hawezi kumsindikiza aliyemuua mwanawe. Yule mtu alisema hayo mbele ya Shangazi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Shangazi, kama wewe ulivyosimama. Nilikuwa na kadi mfukoni, niliyoitoa kwenye shati la Baba. Baba aliandika asiambiwe mtu. Nikanyamaza. Nimejua sasa jinsi ilivyo nyepesi, na nimejua jinsi inavyokaa kifuani baadaye.

Jana niliazima betri ya Mzee Chaji kwa mara ya mwisho. Kwanza nilishusha tangi mwenyewe na kulitoa boya. Lilikuwa na tundu dogo kuliko kichwa cha sindano. Nilililehemu. Ilichukua siku nzima, kama ulivyosema, nimelala chali chini ya gari. Niliporudisha tangi, kabla sijatoa koili, niliwasha ufunguo nione mshale juu ya nusu mara moja zaidi. Nilipoitoa na kuunganisha waya wa tangi mahali pake, mshale ukashuka. Ulishuka kwa uvivu wake ule. Nilihesabu hadi ishirini na mbili ndipo ukalala chini kabisa, kwenye tupu. Niliuacha ufunguo umewashwa nikakaa kwenye kiti cha abiria, kile cha Mama, mpaka Shangazi aliponiita. Hakusema neno kuhusu sabuni.

Nimeandika kadi na kuitundika kwenye usukani. *Boya limezibwa. Geji inasema kweli.* Nimeweka tarehe. Jina langu sikuandika, kwani hakuna atakayeisoma: kesho asubuhi wanakuja kulivuta gari. Shangazi aliniuliza mara mbili kama lisubiri. Nilimwambia lisisubiri.

Ndani ya bahasha hii utakuta koili na tepu yake ya bluu. Ni kazi yako. Kadi nabaki nayo mimi, maana upande mmoja ni wa Baba. Yeye alikufichia, na sitavunja neno lake. Lakini neno lile lilinifunga mimi, halikukufunga wewe. Ukishuka na lori la mwisho la Juni, usije huku kwanza. Pita kwa Bibi. Banda letu utalikuta wazi, na hakuna wa kumpigia magoti.

Ukishasema, njoo, nitakupikia chai. Usiposema, nitajua, kwa sababu Bibi hatakuja.

Mimi, binti wa fundi.